Umbo la Wifi

Katika ofisi ya washauri wa mavazi walimwita Kioo, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa kwa sababu ulimi wake haukujua kuzunguka: nguo ikikukaa vibaya alikwambia imekukaa vibaya, kisha akakuonyesha ni wapi. Wageni waliofika katika mji ule mkubwa kwa mikutano, harusi au biashara, wasiojua maduka yake wala baridi yake, walikodi mtu kama yeye kwa siku moja awatembeze, awachagulie, na awarudishe hotelini wakiwa watu wa kutazamika. Kazi yenyewe ilikuwa na sharti moja lisilopindishwa. Jioni, mteja asimame mbele ya kioo kirefu akiwa amevaa alichochaguliwa, apigwe picha, na picha imfikie meneja kabla ofisi haijafungwa. Bila picha, siku ilihesabiwa kuwa haikufanyika.

Kioo alikuwa amekwisha kukosa picha mbili. Mteja wa kwanza, mfanyabiashara mwenye kitambi na usingizi, alilala fofofo ndani ya chumba cha kujaribia nguo, na alipoamka akataka apelekwe uwanja wa ndege moja kwa moja. Wa pili, mama mzazi wa bibi harusi, alilia mbele ya kioo tangu adhuhuri hadi jioni na hakueleza kisa. Meneja hakutaka kusikia habari za usingizi wala za machozi.

"Ya tatu ikikosekana, tusilaumiane," alimwambia Kioo asubuhi hiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Wapo vijana tele wanaoitaka kazi hii."

Ndiyo maana Kioo alifurahi aliposoma habari za mteja wa siku hiyo: mkunga mkuu wa hospitali moja, mtu wa lugha yake, mwenye umri wa kumzaa, aliyealikwa kufungua mkutano wa wakunga kesho yake asubuhi. Hotuba moja, gauni moja. Kioo alijiambia kwamba kufika saa sita za mchana watakuwa wamemaliza, naye atakuwa ameketi mahali akinywa chai.

Laiti angalijua.

Mkunga alikuwa akimngoja kwenye kochi la mapokezi ya hoteli, amevaa sketi ya kazi na sweta la bluu lililopauka viwikoni, mkoba magotini, simu sikioni. Alipomwona Kioo aliiteremsha simu polepole, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye visigino kwa furaha ambayo Kioo hakuielewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mkunga aliushika mkono wake na hakuuachia, aliugeuza, akaubonyeza kiganja. "Mbona una baridi hivi? Na hicho ulichovaa ni koti au ni kitambaa cha kuchujia maziwa?"

Kioo alivaa kijikoti cheusi chembamba, kilichokatwa kwa ustadi mkubwa, kisichoweza kuzuia hata upepo wa feni. Alikipenda. "Ndiyo kazi yangu, mama, lazima nipendeze. Nimeambiwa una gauni la hotuba. Nilione?"

Mkunga alifungua mkoba akatoa gauni la kijani lililokunjwa kama barua. Kifuani, katikati kabisa, palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi, imekamilika hadi nchani.

"Nilikuwa nazungumza na wifi," alieleza bila majuto. "Wifi akianza, pasi husahaulika."

"Basi leo tununue jingine."

"Tutanunua, mwanangu. Wewe nitembeze tu."

Jengo la maduka lilikuwa na ghorofa nyingi, sakafu ya kung'aa na ngazi za umeme ambazo Mkunga alizipanda kwa kuukumbatia mkono wa Kioo. Katika duka la kwanza Kioo alifanya kazi kama alivyofundishwa. Alichagua magauni matano, akayapanga kwenye henga kuanzia la upole hadi la kuthubutu, akaeleza sababu ya kila moja. Mkunga aliyapapasa yote, akayageuza kuchungulia mishono, akasifu vifungo, kisha akayaacha yakining'inia, akaenda zake upande wa pili wa duka. Alirudi ameshika kijikoti kifupi cha bluu nzito.

"Hiki!"

"Jicho lako zuri, mama. Chumba cha kujaribia ni kile pale."

"Nijaribu nini? Hiki si changu, ni cha wifi. Jaribu wewe."

"Mimi?"

"Una umbo la wifi yangu. Nilipokuona tu pale mapokezi nikasema moyoni, hapa nimepata." Na kabla Kioo hajafungua kinywa, viganja viwili vyenye joto vilikwisha kumshika kiuno, vidole gumba mbele, vingine nyuma, vikabonyeza kidogo kama vinavyotafuta kichwa cha mtoto. "Yuleyule! Wifi nimemzalisha watoto wote wanne. Kiuno chake nakijua kuliko anavyokijua yeye. Vaa."

"Mama, mimi ni mshauri."

"Nawe unanishauri. Geuka."

Kioo aligeuka. Ni kweli kwamba kijikoti kilimkaa vizuri, na jambo hilo lilimkera zaidi.

"Sasa, mama, tuseme ukweli," alianza, akikivua. "Nimekodiwa nikuvishe wewe."

"Binti yangu aliniambia kuna mtu wa kukodi atakayenisaidia kununua nguo. Ndiye wewe, au si wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi tunanunua nguo," alisema Mkunga kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Mimi kusafiri nje nirudi nimevaa, na watu wangu wakae wananitazama? Nitaingilia mlango gani?"

Hapo ndipo Kioo alipoona maji yanakoelekea. Waliondoka dukani humo na kijikoti cha wifi, wakaingia la pili, wakatoka na sketi ya dada mkubwa. Katika la tatu, Kioo alikuwa shemeji mmoja mrefu na ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu. Katika la nne alikuwa binamu mwenye mikono mifupi, akaagizwa aikunje viwiko. Kila mara alipochomekea neno kuhusu hotuba, Mkunga aliitikia, "Tunakuja huko," kwa sauti ileile ambayo, bila shaka, ilikuwa imewatuliza wanawake wengi katika saa ngumu. Na kila walipokaribia kioo, mama huyo alisimama ubavuni, akimtazama Kioo ndani ya kioo, asijitazame yeye hata kwa kuibia.

Simu ya wifi ilikuwa haikauki. Ujumbe wa sauti uliingia mmoja baada ya mwingine, na Mkunga aliufungua hadharani.

"Wifi! Rangi isiwe ya kizee, nakujua wewe!" ilipiga kelele simu katikati ya duka, wauzaji wakageuka. "Na mkono usibane! Mara ya mwisho uliniletea blauzi nikashindwa kuinua kijiko!"

"Huyo ndiye mimi?" aliuliza Kioo.

"Kwa kiuno tu," alijibu Mkunga. "Mdomo hamfanani. Ingawa mnakaribiana."

Kilele cha mambo kilikuwa gauni la zambarau. Kioo ndiye aliyeliona kwanza, akalitwaa kwa tamaa: kitambaa kizito chenye mwanguko mzuri, mikono ya robo tatu, shingo ya heshima. Lilikuwa gauni la kusimama mbele ya watu na kusikilizwa. Alimwekea Mkunga mabegani, na Mkunga alilishika, akalilaza shavuni kidogo. Kioo alishusha pumzi.

"Mavyaa angelipenda hili," alisema Mkunga.

"Mama, tafadhali."

"Ni mama mzazi wa mume wangu, mwanangu. Nimrukie mavyaa, nimnunulie wifi? Unataka nihame nyumba?" Akamtazama Kioo kwa mashaka. "Ila wewe hutoshi. Mavyaa ana nyonga. Nimemkanda mgongo miaka mingi, mikono yangu inamjua. Ngoja."

Alikwenda kwenye viti vya wateja akachukua mito miwili ya kochi. Mmoja aliufunga tumboni kwa Kioo kwa mtandio wake mwenyewe, wa pili nyuma, akavuta fundo kwa nguvu ya mtu aliyezoea mambo yasiyosubiri. Kisha akalishusha gauni juu ya yote. Kioo alijikuta anatazamana na mwanamke mpana aliyevaa zambarau, mwenye uso mdogo uliovimba kwa hasira. Msichana wa dukani alijificha nyuma ya rafu, mabega yakimtikisika.

"Mavyaa mtupu," alisema Mkunga, akipiga kofi moja la kuridhika.

"Na wewe, mama?" Kioo aliuliza, akijitahidi sauti isipande. "Wewe unavaa saizi gani?"

"Mimi? Mimi huvaa sare."

"Sare ya saizi gani?"

"Ya hospitali."

Kioo aliuma meno, akavua mito.

Alasiri ilipokaribia kwisha alikuwa amebeba mifuko hadi vidole vimekufa ganzi, na simu yake ilikuwa imetetemeka mara mbili. Meneja hakuwa mtu wa maneno mengi. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Picha?" Wa pili ulisema: "Picha??"

Hapo ndipo Mkunga alipoliona koti. Lilikuwa limening'inia peke yake karibu na mlango wa duka la mwisho, la rangi ya haradali, la sufu nene, lenye vifungo vikubwa kama visosi na kola ambayo ungeweza kumlaza mtoto ndani yake.

"Livae hili."

"Hapana."

"Mara moja tu."

"La nani tena?"

"Nina mtu."

Kioo alilivaa, kwa kuwa kukataa kungechukua muda mrefu kuliko kuvaa. Alijitazama, na ule ulimi wake usiojua kuzunguka ukapata kazi uliyoikosa kutwa nzima. "Sikiliza, mama, na hili ndilo shauri langu la kitaalamu. Mwenye umbo hili asivae koti hili. Linampa mabega ya kabati. Rangi inamfanya aonekane kama mtu aliyeamka na homa. Vifungo vinamtangulia kuingia mlangoni. Huyo mtu wako kama unampenda, mwachie duka."

"Lina joto?"

"Joto linalo. Ni tanuri."

"Basi," alisema Mkunga, akaelekea kwa mwenye duka.

Taa za duka zilipunguzwa. Sauti ya kike isiyo na mwili ikawaaga wateja kutoka darini, na milango ya chuma ikaanza kuteremka mmoja mmoja. Kioo aliketi kwenye benchi katikati ya mifuko, akashika tama.

"Mama," alisema, safari hii bila kupamba. "Maduka yamefungwa. Kesho asubuhi utasimama mbele ya wakunga kutoka pande zote, nguo yako ina alama ya pasi. Nami nisipopeleka picha yako umevaa, kazi sina. Si mfano. Sina. Sasa niambie, nimekukosea nini?"

Mkunga alimgeukia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyezoea kuambiwa mambo mazito na wanawake walioketi. "Mbona hukuniambia habari ya kazi tangu asubuhi?"

"Nilidhani tutamaliza saa sita!"

"Ningeweza kuisoma hotuba katika sweta hili. Wale ni wakunga, watatazama mikono." Akakuna kidevu. "Lakini kazi ya mtu ni jambo jingine. Tufanyeje?"

Kioo aliitazama mifuko. Aliitazama tena, akainuka. "Tunalo gauni la zambarau. Tunacho kijikoti cha bluu. Twende chumbani kwako."

"Hizo ni za watu!"

"Kwa kesho tu, mama."

"Nimvalie mtu zawadi yake kabla hajaigusa? Nimpe makombo? Sijafikia huko." Alikuwa amekasirika kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Labda waniruhusu wenyewe."

"Basi wapigie!"

Wakarudi hotelini karibu mbio. Chumba cha Mkunga kilikuwa kidogo, kitanda kimetandikwa upya kwa mikono yake, na ndani ya mlango wa kabati palikuwa na kioo kirefu ambacho alikuwa amekitundikia taulo. Kioo alilitoa taulo. Mkunga aliketi ukingoni mwa kitanda, akaiweka simu kwenye spika, akaanza na wifi, kwa sababu alimwogopa mavyaa.

"Uvae kijikoti changu?" ililia simu. "Kabla yangu?"

"Kwa kesho tu, wifi."

"Ukiloweshe kwa jasho la hotuba? Wewe uliyelowa kwenye harusi yangu kama aliyenyeshewa?"

"Harusi yako ilikuwa ya joto."

"Ilikuwa asubuhi! Haya, vaa, ila uniletee na viatu vya kuendana nacho. Vilivyochongoka."

"Sina nafasi ya viatu—"

Kioo aliinama juu ya simu. "Dada, viatu utaletewa. Wala jasho halitakigusa, atakitandaza mabegani tu, mikono hataiingiza."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye umbo lako."

"Eti nini?"

"Nimekuvalia nguo kutwa nzima, dada, nimegeuzwa kama mshale wa saa. Kijikoti kinakupendeza kupita kiasi. Tafadhali mruhusu, tuone mwisho wa siku hii."

Wifi alicheka hadi simu ikakwaruza. "Namruhusu avae! Na wewe dada, pole. Mimi huyo ninakaa naye."

Simu ya mavyaa iliita kwa muda mrefu. Mkunga alikaa wima, akaweka magoti pamoja, akasalimu, akaeleza kwa sauti ndogo. Upande wa pili palisikika mtu akikohoa, akisogeza kiti.

"Rangi gani?" aliuliza bibi kizee.

"Zambarau, mama."

"Na upana wake?"

"Nimekupimia kama ulivyo."

"Kama nilivyo lini? Mimi nimekauka, mwanangu. Tangu nilipougua mwaka juzi, ukinivika hilo utanitafuta ndani yake kwa tochi. Umenipima kwa mikono ya zamani."

"Lakini mama, nakukanda—"

"Unanikanda gizani nawe umechoka, unajipapasa mwenyewe. Upana huo ni wako. Mjukuu wangu alikuona kwa nyuma juzi akasema bibi amenenepa tena. Vaa gauni lako, uniletee mtandio, na usinipigie wakati wa dawa."

Simu ikakatika. Kioo hakungoja. Alimvua sweta kama anayemenya ndizi, akalishusha gauni, akapandisha zipu, nayo ikapanda bila kukwama popote, kutoka kiunoni hadi shingoni. Alikitandaza kijikoti cha bluu mabegani. Alirudi nyuma hatua chache, akafinya jicho moja, akatafuta kosa kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake, na hakuliona.

Mkunga alijitazama. Hakugusa nywele wala kola. Aliweka viganja viwili kwenye nyonga zake, vidole gumba mbele, vingine nyuma, akabonyeza.

"Kumbe," alisema.

Simu ya Kioo ilitetemeka: "Nafunga."

"Simama hapo hapo, mama! Usipumue!"

"Peke yangu?" Mkunga alitoka mbele ya kioo. "Picha ya peke yangu ni ya kitambulisho. Njoo."

"Mimi simo! Meneja anataka mteja!"

"Basi mteja anataka wewe. Lakini si na hicho kitambaa cha maziwa." Alikuwa amekwisha kuinamia mfuko wa mwisho, akalitoa koti la haradali kwa mikono miwili, kama atoavyo kitu kilicho hai. "Asubuhi nilikushika mkono, nikasema huyu binti ataugua kifua. Nilikwambia nina mtu."

Kioo aliliangalia koti. Aliangalia vifungo. Alitaka kusema kwamba amekwisha kutoa shauri lake la kitaalamu na wala hajalibadili, kwamba yeye huishi kwa macho ya watu, na kwamba afadhali kifua kiugue. Akaitazama saa ya ukutani. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Mkunga alimfunga vifungo vyote hadi kidevuni, akamshika kiuno, na picha ikapigwa, ikaenda.

Walingoja. Mkunga alitumia nafasi hiyo kuuliza viatu vilivyochongoka hupatikana duka gani, na kama Kioo ana nafasi kesho baada ya hotuba, kwa kuwa mguu wake na wa wifi hautofautiani.

Jibu la meneja likaingia.

"Imefika. Mteja amependeza sana, kazi nzuri. Ila huyo wa kando, nani kamshauri?"

Kioo alilisoma, akaifunga simu, akaaga kwa adabu, akakubali kesho kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Nje baridi ilikuwa imekaza, na upepo uliokuwa ukimchoma mbavuni kila jioni ulifika kwenye sufu ile nene ukasimama. Hakukuwa na la kufanya juu ya jambo hilo. Aliinua ile kola kubwa hadi masikioni, akashika njia ya nyumbani, na madirisha yote ya maduka aliyapita akitazama mbele.